MAJINA WANAYOTUPA WAKUBWA



Sisi wa reli tunaokaa Kayole tumesikia majina mengi wanayopewa watu wakiandamana. Leo twataka kuyatazama majina hayo, kwa maana yanatuhusu.

Mwezi wa Juni 2024 vijana waliukataa Mswada wa Fedha. Ulipoletwa, ulitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16, na mafuta ya kupikia asilimia 25. Tarehe 25 watu waliingia Bunge, na risasi zikapigwa. Usiku ule Rais William Ruto alisema maandamano yametekwa na watu hatari, akayaita mambo ya siku ile uhaini. Kesho yake alikataa kuutia sahihi mswada ule ule. Basi twauliza: kama hoja haikuwa na maana, mbona ilikubaliwa?

Mwaka uliofuata, vijana walipowakumbuka waliokufa, Waziri Kipchumba Murkomen aliyaita maandamano ugaidi. Tarehe 7 Julai 2025 barabara za kuingia mjini zilifungwa, na wafanyakazi wakatembea kwa miguu. Tume ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 30 waliokufa siku ile. Siku mbili baadaye Rais alisema wanaochoma mali za watu wapigwe risasi ya mguu.

Ndugu, jambo hili si geni. Januari 1947 wafanyakazi wa reli na bandari ya Mombasa waligoma, zaidi ya watu 15,000. Serikali ya mkoloni ilisema ni kazi ya wachochezi, na kiongozi wao Chege Kibachia akahamishwa mbali. Lakini baraza la Jaji Thacker liliongeza mishahara. Mwaka 1990 Rais Moi aliwaita watu wa Saba Saba wahuni na walevi wa madawa. Mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa.

Hatusemi kila aliye barabarani ni mwema. Anayevunja kibanda cha mama mboga ni mwizi. Ashikwe, apelekwe kortini, ahukumiwe kwa kosa lake. Lakini umati wote ukiitwa wahalifu, hakuna tena anayeuliza habari ya bei ya mkate, na askari haoni tofauti kati ya mwizi na fundi anayerudi nyumbani.

Katiba, Ibara ya 37, inaturuhusu kuandamana kwa amani bila silaha. Ibara ya 41 inaturuhusu kugoma. Leo wanaitwa vijana. Kesho tukidai mishahara, tutaitwa sisi.

Kwa hiyo twawaomba wanachama: msiyachukue majina hayo na kuyarudia kazini au kwenye matatu. Mkubwa akitaja jina, mwulizeni kwanza: watu hawa walitaka nini, na umewajibu nini?

Umoja ni nguvu.