Alumini chakavu ya Rumonge: faida iko kwenye kuchambua

RUMONGE, Burundi – Kichwa cha injini ya boti, sufuria iliyotoboka na kopo la soda mara nyingi huishia katika gunia moja. Mnunuzi hupima kilo, hulipa bei ya chini kabisa, na mzigo huondoka kuelekea Bujumbura, Kigoma au ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Anayepoteza ni mfanyabiashara aliyeuokota.

Alumini ni umeme uliokwisha kulipiwa. Kuitoa kilo moja katika madini yake hula takriban uniti 14 za umeme. Kuyeyusha chakavu huokoa karibu asilimia 95 ya nishati hiyo. Kwa Burundi, ambako ni takriban mtu mmoja kati ya kumi aliyeunganishwa na umeme, hesabu hiyo ni nzito. Hata mradi wa Jiji na Mulembwe, kusini mwa nchi, una megawati 49.5 tu.

Viwanda vya vipuri vya ndege viliijua hesabu hii mapema. Baadhi ya vipuri huchongwa kutoka bonge zima, na hadi sehemu tisa kati ya kumi za bonge hubaki kama vipande vya kukereza. Vipande hivyo havichanganywi. Alumini ya aina ya 7075 imetiwa zinki, ya 2024 imetiwa shaba. Kila moja hukusanywa peke yake, huondolewa mafuta, hushindiliwa na kurudishwa kiwandani. Zikichanganyika, haziwezi tena kutengeneza ndege. Thamani hushuka ingawa kilo ni zile zile.

Kanuni hiyo haihitaji mashine kubwa. Sumaku hutenga chuma, ambacho kikiingia kwenye alumini huifanya iwe rahisi kuvunjika. Pistoni na vichwa vya injini viwekwe kando na masufuria. Makopo yawe peke yake, kwa kuwa ni membamba na sehemu yake huungua motoni. Betri za gari zisikaribie kabisa tanuru la sufuria: risasi yake huishia kwenye chakula.

Gunia lililochambuliwa bado lina mpaka wa kuvuka. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hutumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, lakini chuma chakavu si ndagala. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inakiweka katika orodha ya bidhaa ambazo kuzitoa nje kuna masharti. Mfanyabiashara aulize forodha kabla ya kupakia, si baada ya boti kukamatwa.

Ukali huo una sababu. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya chuma chakavu nchini Kenya baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kukosa umeme. Wachuuzi waaminifu walifungiwa pamoja na wezi, hadi marufuku ilipoondolewa miezi michache baadaye na masharti mapya kuwekwa.

Kwa hiyo daftari la manunuzi lina thamani sawa na mzani. Anayeandika alinunua nini, kwa nani na lini, na kukataa nyaya za umeme zisizo na maelezo, ana la kumwonyesha askari bandarini. Wauzaji wachache wa Rumonge wakiunganisha magunia ya aina moja, wataingia kwa mnunuzi wakiwa na mzigo unaojulikana ni nini, na hapo ndipo mazungumzo ya bei huanza.