KWA NINI TIMU YETU YA TAIFA HAIFIKI MBALI?



Jambo ninalotaka kulieleza muhula huu si geni masikioni mwenu. Sisi wanafunzi hulizungumza bwenini kabla taa hazijazimwa, na wazazi wetu hulizungumza ndani ya matatu na katika hoteli za chai. Jambo lenyewe ni hili: Kenya ina wachezaji hodari wa kandanda, lakini timu yake ya taifa, Harambee Stars, haifiki mbali. Sababu ni nini?

Kwanza yafaa tuhakikishe kwamba hatujisifu bure. Je, wachezaji hodari tunao kweli? Naam, tunao. McDonald Mariga alikuwa katika klabu ya Inter Milan ilipotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010. Ndugu yake, Victor Wanyama, aliifungia Celtic bao dhidi ya Barcelona mwezi wa Novemba 2012, na Barcelona ikashindwa siku ile kwa mabao 2 kwa 1. Dennis Oliech alicheza miaka mingi Ufaransa. Michael Olunga alifunga mabao 28 katika ligi ya Japani mwaka 2020, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa mwaka huo. Watu kama hawa si wa kubahatisha.

Sasa tutazame timu yenyewe. Hata mwisho wa mwaka 2025, Kenya ilikuwa imefika katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara sita tu: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Katika safari zote hizo haikuvuka makundi hata mara moja, na mechi ilizoshinda ni mbili: dhidi ya Burkina Faso mwaka 2004 na dhidi ya jirani zetu Tanzania mwaka 2019. Miaka ile ambayo Mariga, Wanyama na Oliech walikuwa katika nguvu zao, wote watatu wakivaa jezi moja, Kenya haikufuzu. Kombe la Dunia ndiyo hatujalikaribia kabisa.

Wala si kwamba mpira ni mgeni kwetu. Kenya na Uganda zilianza kushindania Kikombe cha Gossage mwaka 1926, kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Tulichukua ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Mwaka 1987 Gor Mahia walitwaa kombe la washindi wa Afrika, na mwaka huo huo timu ya taifa ilifika fainali ya Michezo ya Afrika hapa Nairobi, ikashindwa na Misri kwa bao moja tu. Baba yangu husema kwamba siku hizo mtu hakuona haya kuitaja timu yake.

Wapo wasemao kwamba Mungu alitupa miguu ya kukimbia mbio ndefu, si ya kucheza mpira. Hoja hii haina nguvu, kwa sababu miguu iliyofunga mabao 28 Japani ni ya Mkenya. Wengine husema kwamba wachezaji hawaipendi nchi yao, na kwamba wakishaonja fedha za Ulaya hujihifadhi wasiumie. Huenda yuko mmoja au wawili wa namna hiyo, lakini timu nzima haiwezi kuwa hivyo kwa miaka hamsini. Tena wako wanaosema kwamba sisi ni nchi ndogo. La hasha! Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba tumepita milioni 47. Visiwa vya Komoro havifiki watu milioni moja, lakini ndivyo vilivyotuacha nyuma katika kufuzu kwa mashindano yaliyochezwa Kameruni mwezi wa Januari 2022, na walipofika huko wakaifunga Ghana mabao 3 kwa 2. Visiwa vya Cape Verde vina watu kiasi cha nusu milioni tu, navyo vilifuzu kwa Kombe la Dunia la 2026. Kwa hiyo wingi wa watu si hoja.

Kwa maoni yangu sababu ni nne.

Ya kwanza ni ugomvi wa viongozi. Wahenga walisema, nahodha wengi chombo huenda mrama. Mara tatu Shirikisho la Kandanda la Dunia limeifungia Kenya kwa sababu ya magombano ya kuendesha mpira: mwaka 2004, mwaka 2006 na mwaka 2022. Kwa kifungo cha 2022 tuliondolewa katika safari ya kuwania Kombe la Afrika la 2023 bila kupiga mpira hata mmoja. Fikirini, ndugu zangu: kijana mwenye miaka ishirini na tano, aliye katika ubora wake, akaambiwa akae nyumbani kwa sababu wakubwa hawasikilizani. Miaka hiyo hairudi.

Ya pili ni kubadilisha makocha kama mtu abadilishaye shati. Kati ya 2018 na 2021 timu yetu ilipita mikononi mwa makocha kadhaa, wakiwemo Mfaransa, Wakenya na Mturuki. Sisi wanafunzi tunalijua jambo hili vizuri. Darasa likibadilishiwa mwalimu wa hesabu kila muhula, mmoja akaanza sura ya kwanza, mwingine akaruka hadi ya tano, hata mtoto mwenye akili atashindwa mtihani. Je, tutamwambia kwamba hana kipaji?

Ya tatu ni kukosa nyumba. Timu ya nchi yetu imepata kucheza mechi zake za “nyumbani” ugenini, kwa kuwa viwanja vyetu havikufikia kipimo kilichotakiwa. Mwezi wa Juni 2024 tulizikaribisha Burundi na Ivory Coast nchini Malawi. Septemba na Oktoba mwaka huo tukazikaribisha Zimbabwe na Kameruni mjini Kampala. Mgeni na mwenyeji wote walipanda ndege! Mechi zote nne hatukushinda hata moja. Na kabla ya hapo tulikuwa tumepewa mashindano ya Afrika ya 1996, tukanyang'anywa. Tukapewa yale ya wachezaji wa nyumbani ya 2018, tukanyang'anywa tena kwa kutokuwa tayari. Yale ya 1996 yalipelekwa Afrika Kusini, nao wakayashinda.

Ya nne, nayo naiona kubwa kuliko zote, ni kuanza kufundishwa tukiwa tumechelewa. Samaki mkunje angali mbichi. Kijana wa Ulaya afikapo umri wa miaka kumi na minane amekwisha fundishwa kwa miaka kumi: namna ya kupokea mpira, namna ya kusimama mahali pake, wakati wa kutoa na wakati wa kukaa nao. Kijana wetu hujifunza mwenyewe kwa mpira wa makaratasi na kamba. Hilo humpa chenga na ujasiri, lakini halimfundishi kucheza na wenzake kumi. Bahati ikimfikisha katika shule yenye sifa ya mpira, kama Kakamega, Musingu au St. Anthony's ya Kitale, atapata mwalimu. Wengi hawapati bahati hiyo. Na hata wenye bahati, wakimaliza Kidato cha Nne njia hukatika; mmoja huchukuliwa na klabu, na ishirini hurudi nyumbani kuendesha bodaboda.

Mtu aweza kuniuliza, utajuaje kwamba hizo ndizo sababu? Nitamjibu kwa mambo mawili tuliyoyaona sote.

Mwezi wa Agosti 2025 mashindano ya wachezaji wa nyumbani yalifanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Hatukuwa na Olunga wala mchezaji yeyote wa ng'ambo, kwa kuwa sheria haikuruhusu. Vijana wa ligi yetu walikaa kambini pamoja chini ya kocha mmoja, Benni McCarthy, wakacheza Kasarani mbele ya watu wao, na kila mmoja alijua mapema malipo yake akishinda. Waliifunga Kongo, wakatoka sare na Angola, wakaifunga Moroko ingawa mchezaji wetu mmoja alikuwa ametolewa nje kwa kadi nyekundu, kisha wakaifunga Zambia. Waliongoza kundi. Madagaska waliwatoa katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti, na Moroko ile ile tuliyoifunga ndiyo iliyotwaa kombe.

Majuma mawili tu baadaye, tarehe 5 Septemba, timu kubwa ilikusanyika kwa haraka, wachezaji wa ng'ambo wakarudi, tukafungwa na Gambia mabao 3 kwa 1 katika kiwanja kile kile. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisemi kwamba wachezaji wa ng'ambo hawafai. Bila wao hatutafika mbali. Nasema kwamba kipaji kikubwa kisichopangwa hushindwa na kipaji cha kiasi kilichopangwa.

Jambo la pili ni la dada zetu. Wasichana wa chini ya miaka 17 walifuzu kwa Kombe la Dunia la umri wao mwaka 2024, huko Jamhuri ya Dominika, nao ndio timu ya kwanza ya Kenya kufika katika Kombe la Dunia lo lote la kandanda. Huko wakaifunga Meksiko. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari kama sisi, na walifundishwa pamoja wakiwa bado wadogo. Wavulana wanaowacheka wasichana wanapofanya mazoezi kiwanjani kwetu na wayatafakari haya.

Sasa naomba ruhusa nirudi hapa shuleni, kwa maana ni rahisi kuwalaumu wakubwa wa Nairobi.

Mwaka jana timu yetu ilikuwa na vijana ambao kila mtu aliwasifu. Majina ya watakaocheza yalibandikwa siku ya Alhamisi, na mechi ilikuwa Jumamosi. Viatu vya kuchezea havikutosha, hata beki wetu wa kulia akavaa vya raba. Tulifika kiwanjani tumechelewa, hatukupasha miili joto, na wengine hawakuwa wamekula ila mkate. Golikipa wetu hakuwa amedaka mpira kwa wiki tatu. Je, hii si Harambee Stars ndogo?

Nami siwezi kujitoa. Katika kipindi cha pili, tukiwa sare, nilipata mpira upande wa kushoto. Mwenzangu alikuwa peke yake mbele ya lango, akiniita kwa jina. Sikumpa. Watu walikuwa wakinishangilia pembeni, nikataka kumpiga chenga beki wa tatu baada ya kuwapita wawili. Nikanyang'anywa, na mpira ule ule ukaenda moja kwa moja ukawa bao. Tulitolewa. Njiani kurudi hakuna aliyenisemesha, na mwenzangu yule yuko Kidato cha Nne pamoja nami. Hatatapata nafasi nyingine ya kuichezea shule isipokuwa mwaka huu. Kosa hilo ni langu, nalikiri hapa mbele yenu. Yule kiongozi asiyetaka kuacha kiti na mimi niliyekataa kutoa mpira, ugonjwa wetu ni mmoja.

Kwa hiyo natoa maombi matatu, kwa heshima zote.

Kwa Mwalimu Mkuu na walimu wetu: tunaomba timu ichaguliwe mwanzo wa muhula wa kwanza, ijapokuwa mechi huchezwa muhula wa pili, na mazoezi ya Jumanne na Alhamisi yasifutwe kwa ajili ya masomo ya ziada. Tunaahidi kwamba mchezaji atakayeanguka katika masomo atajiondoa mwenyewe.

Kwa wazazi wetu: fedha za michezo mnalipa, nasi twashukuru. Ulizeni katika mkutano wa wazazi zimenunua nini. Si kwa ubaya, bali kwa sababu hesabu ikibandikwa ubaoni kila mtu aione, manung'uniko hukoma. Laiti hesabu za mpira wa nchi nzima zingebandikwa hivyo!

Kwa wanafunzi wenzangu: tutoe mpira.

Mwezi wa Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa heshima ya kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Safari hii tusinyang'anywe, wala tusiwe wenyeji wa kupika tu huku wageni wakila. Wale watakaolichezea taifa miaka kumi ijayo hawapo Ulaya sasa. Wamo katika viwanja vya vumbi kama hiki chetu, na pengine mmoja wao analisoma gazeti hili akingojea kengele ya chakula. Mtu huyo akifundishwa mapema, akapewa viatu na mwalimu mmoja wa kudumu, tutaacha kuulizana swali hili bwenini.

Ni mimi mwenzenu,
Winga wa Kushoto,
Kidato cha Nne.