Elimu ya Lishe kwa Simu: Msichana Balehe Atafikiwaje?

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulibainisha kuwa asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, ikilinganishwa na asilimia 45 mwaka 2015/16. Kasi hiyo ni ndogo. Wasichana balehe wako hatarini zaidi, kwani hukua haraka na kuanza hedhi katika kipindi kilekile, hivyo mahitaji yao ya madini chuma huongezeka.

Huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilitumia ujumbe mfupi usiolipiwa kuwafikia wajawazito na wazazi wapya. Msichana balehe ni mlengwa tofauti. Hana kadi ya kliniki, na shule nyingi hazimruhusu kuwa na simu. Simu anayoipata nyumbani ni ya mama au ya kaka, mara nyingi kitochi kisichofungua video. Programu ya simu janja, hata ikiwa nzuri kiasi gani, itawaruka wenye uhitaji mkubwa.

Unabaki ujumbe mfupi wenye herufi 160, na hapo ndipo penye kazi. Kumwambia msichana "kula mlo kamili" ni sahihi, lakini hakumsaidii anayekula ugali na mchicha kila siku. Madini chuma ya mboga za majani hufyonzwa kwa shida kuliko ya nyama na samaki. Vitamini C huyasaidia, chai huyazuia. Afadhali aambiwe akamulie limau kwenye mchicha, aongeze dagaa, na chai aiache kwa saa moja baada ya kula. Mama naye apate ujumbe huohuo, maana ndiye anayepanga kitakachopikwa.

Hata hivyo, chakula pekee hakitoshi kwa msichana ambaye damu yake imeshashuka chini ya gramu 12 kwa desilita. Huyo anahitaji vipimo na vidonge vya madini chuma, pamoja na kuchunguzwa malaria, minyoo na kichocho. Ujumbe utamwelekeza zahanati. Lakini akifika akakuta vidonge vimekwisha, ni vigumu kuuamini ujumbe utakaofuata. Ratiba ya ujumbe, kwa hiyo, ipangwe pamoja na mfamasia wa wilaya kabla ya kampuni ya simu.