Maji Yakipwa Msimbazi

Wapo wanaosema kutazama ndege ni starehe ya Wazungu na watalii. Sikubaliani nao. Maji yakipwa pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, karibu na Daraja la Selander, sululu na chekeamwezi hushuka kwenye matope kudokoa kaa na minyoo. Wengi wao huzaliana mbali kaskazini, wengine hadi Siberia, na baridi ya huko ikianza hukimbilia kwetu. Kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi ni wageni wetu, na daladala zinapita juu darajani bila abiria kugeuza shingo.

Aristotle, tunayemsoma kila siku darasani, alidhani ndege fulani wa majira ya joto hugeuka kuwa wa aina nyingine wakati wa baridi. Alikosea, lakini walau alitazama! Sisi tunaisifu Laudato Si' ya mwaka 2015 kwenye semina, kisha baada ya sherehe ya kipaimara chupa za maji zinabaki uwanjani. Mvua inazisomba hadi mtoni, na mto unazimwaga palepale wageni wanapokula. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019. Chupa bado tunazo.

Napendekeza VIWAWA wa parokia za Kinondoni na Temeke watembee pwani Jumamosi moja ya Kwaresima, maji yakiwa yamekupwa. Wabebe daftari. Wahesabu ndege, wahesabu na chupa, na hesabu zote mbili zisomwe kwenye matangazo ya Dominika, kabla ya zile za michango.