Ukienda Nungwi, Nenda na Ulimi Wako

Ndugu zetu wa Dar es Salaam na wa Mjini Zanzibar, likizo ikifika, hupanda daladala namba 116 au hukodi teksi mpaka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Safari hiyo siigombi. Ninachogomba ni kurudi kwao: wameogelea, wamepiga picha za machweo, na hawakuzungumza na Mnungwi hata mmoja ila aliyewaletea bili.

Mzungu ana udhuru, lugha haijui. Wewe, ndugu msomaji, una udhuru gani?

Zingatia kwanza kwa nini hoteli zimejazana pale. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, maji yakitoka huenda mbali, na mwenye hamu ya kuogelea hana budi kungoja yajae. Magharibi ya Nungwi hayaendi mbali hivyo, mtu huogelea karibu saa zote. Neema hiyo wavuvi na mafundi wa majahazi waliijua kabla hoteli ya kwanza haijachimbiwa msingi. Ndiyo maana ufuo ule mmoja leo unagombewa na vitanda vya kuotea jua na vyombo vinavyongoja kushushwa.

Basi nenda kwenye vyombo. Mwamkie fundi, ngoja aweke tezo chini, ndipo uulize. Muulize mti gani unafaa mkuku na upi mataruma, pamba inakalafatiwaje baina ya mbao, na keekee inatoboaje kwa upinde na kamba bila umeme. Chombo kizima anacho kichwani, hana mchoro wa karatasi. Simu ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe. Pale ni kazini kwa watu. (Na wewe unayepita madukani na nguo ya kuogelea, kijiji kina misikiti na wazee. Hilo nalo mpaka uandikiwe kibao?)

Kisha fika mnadani samaki wanaposhushwa. Nunua changu au jodari, mlipe mama wa pale akukaangie, na pesa yako ilale kijijini.

Ukimkuta mvuvi analalamika kwamba ukuta wa hoteli umeziba njia yake ya kushukia pwani, msikilize mpaka mwisho, uulize sheha anasemaje. Wewe una kura na una jamaa ofisini. Mgeni wa Milano hana.