Waraka kwa watu wa ndege wa Lualaba

Kwa marubani, makanika, waongozaji wa mnara, wapakiaji wa mizigo na wazima moto wa Kolwezi, pamoja na wenzetu wa Likasi na Lubumbashi.



Tarehe 17 Novemba 2025, ndege aina ya Embraer iliyomleta Waziri wa Madini, Louis Watum Kabamba, na ujumbe wake ilitua hapa Kolwezi, magurudumu yakavunjika, ikatoka nje ya njia ya kurukia na kushika moto. Ujumbe ule ulikuwa unakuja kwa ajili ya msiba wa Kalando, ambako siku mbili kabla daraja la mgodini lilikuwa limeporomoka na kuua wachimbaji wasiopungua 32. Mungu alijalia, wote waliokuwa ndani ya ndege walitoka hai. Lakini moshi ulikuwa haujatulia, nasi wa kazi hii tulikuwa tumekwisha kutoa hukumu. Huyu anasema njia, yule anasema rubani, mwingine anasema upepo, mwingine anaapa kwamba kuna mkono wa mtu kwa kuwa waziri alikuwamo. Raia wa kawaida wakituuliza, wanachukua jibu letu kama jibu la mtaalamu, wanalipeleka sokoni na kanisani, na kesho yake ndiyo habari yenyewe.

Siwaombi muache kuwaza. Rubani anayeruka kesho asubuhi kutoka uwanja uleule ana haki ya kujiuliza kilichomwangusha mwenzake, maana jibu linamhusu. Hapa tuko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Joto likipanda hewa inakuwa nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu zaidi, na kuanzia Novemba mvua za radi zinakuja bila kubisha hodi. Mtu akisema, "Inawezekana alikumbana na hili, nami nijihadhari," huyo anafanya kazi yake. Ninachokipinga ni pale "inawezekana" inapogeuka "ndiyo" kabla jioni haijaingia, na pale aliyeona kitu kwa macho yake anapokaa kimya kwa sababu wenye sauti kubwa wamekwisha kumaliza kesi.

Tuna mfano, na mfano huo una mguu wake hapahapa Kolwezi.

Wazee wetu wanaikumbuka Fouga Magister. Katanga iliyojitenga ya Moïse Tshombe ilipata ndege tatu za aina hiyo mwaka 1961, na kufikia Septemba iliyobaki ikiruka ni moja, ikitokea Kolwezi. Ndiyo iliyowashambulia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo. Kwa kuihofia, DC-6 iliyombeba Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld ilipoondoka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, jioni ya tarehe 17 Septemba ilizungukia mashariki, redio ikiwa kimya sehemu kubwa ya safari, ili isikatize juu ya Katanga. Alikuwa anakwenda Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kuonana na Tshombe, wasimamishe vita. Baada ya saa sita usiku ndege iliuambia mnara kwamba inaziona taa za uwanja. Haikutua. Ilianguka msituni, kiasi cha kilomita 15 kutoka uwanjani. Walikuwamo watu 16. Mlinzi Harold Julien peke yake ndiye aliyekutwa hai, naye alifariki hospitalini siku chache baadaye.

Sasa tazameni yaliyofuata kwa jicho la mtu wa ndege. Mabaki yalifikiwa rasmi mchana wa siku iliyofuata, saa zipatazo 15 baada ya kuanguka. Mazungumzo ya mnara hayakurekodiwa kwenye ukanda, kwa hiyo maneno ya mwisho ya wafanyakazi wale tumeachiwa kama mwongozaji alivyoyakumbuka na kuyaandika baadaye. Wachoma makaa waliokuwa msituni usiku ule walieleza kwamba waliona ndege ya pili angani, au mwanga, au moto kabla ya ile kubwa kuanguka. Tume ya serikali ya Rhodesia iliuweka ushahidi wao kando. Walikuwa Waafrika maskini, wangejua nini habari za ndege? Julien, akiwa kitandani na majeraha ya moto, alizungumzia cheche angani, ikasemwa kwamba ni homa. Februari 1962 tume ile ikaandika kuwa ni kosa la rubani. Wiki chache baadaye tume ya Umoja wa Mataifa ikakataa kufunga jalada: sababu haikuthibitika, na hakuna uwezekano uliofutwa.

Naona uchungu kwa ajili ya wale marubani wa Sweden walioirusha DC-6 ile. Wafu hawana mdomo wa kujitetea, na "kosa la rubani" ni hukumu nyepesi kuliko zote kwa wanaobaki, kwani haimdai yeyote kitu. Hata hivyo, upande wa pili nao ulikuwa na haraka yake. Watu walimtaja rubani mmoja Mbelgiji wa jeshi la anga la Katanga kwamba ndiye aliyeitungua ndege. Wengine wakasema walimsikia akikiri, ilhali daftari lake la safari linamweka mahali pengine na familia yake imekana daima. Jina lake sitaliandika hapa, maana amekufa bila kushtakiwa mahakamani. Marubani wamebishana miaka na miaka kuhusu mafuta: kutoka Kolwezi hadi Ndola ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, je, Fouga ingeweza kwenda, kuvizia gizani na kurudi, au ingetumia uwanja wa vumbi wa karibu zaidi? Swali ni zuri. Lakini aliyeangalia kipimo cha mafuta asubuhi ile, au aliyejua ndege ililala wapi, hakuulizwa mapema, na wengi wao wamekwisha kuzikwa.

Kazi ya kuuliza upya ikaja kumwangukia Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mwaka 2015 aliongoza jopo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 2017 akakabidhiwa uchunguzi wenyewe. Wachoma makaa wa Ndola waliokuwa bado hai wakasikilizwa kama mashahidi wengine wowote. Ripoti yake ya 2017 inasema inaonekana ni jambo linaloweza kuaminika kwamba shambulio au tishio kutoka nje huenda lilikuwa sababu mojawapo, ama kwa kuipiga ndege moja kwa moja, ama kwa kuwavuruga marubani kwa muda mfupi. Someni tena sentensi hiyo, mwone jaji anavyopima kila neno. Amezidai serikali kadhaa zifungue nyaraka zao. Miaka zaidi ya 60 imepita kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa ingefanyika ndani ya wiki ya kwanza.

Wala si habari za zamani tu. Agosti 2010 ndege ndogo aina ya Let 410 ilianguka Bandundu, wakafa watu 20. Kwanza tuliambiwa mafuta yaliisha. Kisha ikaja hadithi ya mamba aliyetoroka kwenye mfuko wa abiria. Dunia nzima inamkumbuka mamba, lakini nani kati yetu anaweza kutaja kilichobadilishwa katika upakiaji baada ya ajali ile? Februari 2012, Augustin Katumba Mwanke, aliyewahi kuwa gavana wetu wa Katanga, alifariki Bukavu ndege yake ilipopitiliza mwisho wa njia. Kilio kilikuwa hakijaisha, na tayari kila mtaa ulikuwa na njama yake.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu. Ndege ikianguka, aliyeona au kusikia aandike usiku huohuo, kabla hajazungumza na mwenzake: alisimama wapi, ilikuwa saa ngapi, upepo ulikuwaje, injini zilikuwa na sauti gani. Aliyejaza mafuta atunze stakabadhi. Aliyepakia atunze karatasi ya uzito, hata kama anajua uzito ulizidi, na hapo hasa ndipo tunapohitaji moyo, kwa sababu mpakiaji anaogopa kufukuzwa. Tusimwache peke yake. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinasema wazi kwamba uchunguzi wa ajali lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, haufanywi kutafuta wa kulaumiwa. Aende kwa wachunguzi wa ajali za ndege akisindikizwa na wakubwa wa kazi. Na wachunguzi wakitoa ripoti, tudai isomwe kwetu, isifungiwe kabatini Kinshasa.

Wenzetu wasiovaa sare tuwatafute wenyewe. Mama aliyekuwa shambani chini ya njia ya kutua, kijana anayechimba malakiti kando ya uzio, mchoma makaa aliyelala porini: hao ndio wanaokuwa karibu kuliko mnara. Waulizwe kwa Kiswahili, kwa heshima, wala asiwepo wa kuwadokeza jibu. Na wasiokote vipande vya ndege. Tuwaeleze sababu, badala ya kuwafukuza tu.

Kwenye kilio cha rubani, mkewe au watoto wakikuuliza, "Baba alikosea?", jibu kwamba hujui, kisha kaa nao.

Aliyekuwapo uwanjani tarehe 17 Novemba na bado hajaandika, aandike wiki hii. Nakala moja abaki nayo, nyingine aipeleke kwa wachunguzi, na asainiwe kuwa imepokelewa.

Mwenzenu katika kazi,
Kolwezi