Barua ya Wazi kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa: Manda Itafutwe kwa Jina Gani?

Kwa Mkurugenzi, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa

Yah: Majina ya mahali na uwekaji wa nyaraka za Mkoa wa Njombe katika mfumo wa kidijitali

Manda, kata ya Wilaya ya Ludewa, iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, jirani na Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Wakati wa Mjerumani mahali hapo paliitwa Wiedhafen, bandari ya kufikia Songea kwa njia ya ziwa. Jina hilo halimo tena vinywani mwa watu, ila ndilo lililoandikwa kwenye majalada. Anayetafuta historia ya Manda kwa kompyuta huangukia pia Manda nyingine, kisiwa cha jirani na Lamu ambako Neville Chittick alifukua mji wa kale, na kama hana habari ya Wiedhafen, miaka yote ya Mjerumani inampita. Mkoa wa Njombe wenyewe ulizaliwa 2012. Kabla ya hapo Ludewa ilikuwa Iringa, kwa hiyo barua ya kiserikali ya 1995 kuhusu Manda imehifadhiwa kwa jina la mkoa mwingine.

Nyaraka zinazohusu ukanda huu zimetawanyika. Majalada ya Kijerumani yaliyobaki nchini yako kwa Idara, Dar es Salaam, na orodha yake, iliyotayarishwa na Eckhart Franz na Peter Geissler, ilichapishwa Marburg mwaka 1973, kwa Kijerumani. Majalada ya wizara ya makoloni yako Berlin, na sehemu kubwa imeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni bila malipo. Nyaraka za misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambayo padri wake William Percival Johnson alizunguka pwani ya mashariki ya ziwa hadi kufariki kwake Liuli mwaka 1928, ziko Oxford. Mtu wa Ludewa mwenye simu nzuri sasa anaweza kufungua baadhi ya majalada ya Berlin kwa urahisi kuliko yale ya Dar es Salaam. Hilo si jambo la kujivunia.

Kuzisoma ni kazi nyingine. Programu za kutambua mwandiko, kama Transkribus iliyoanzia Chuo Kikuu cha Innsbruck, hufundishwa kwa kurasa ambazo binadamu amezinakili kwanza, kisha huendelea zenyewe. Mwandiko wa Kijerumani wa zama hizo una mitego yake. Herufi n na u huandikwa kwa mikwaruzo ileile, tofauti ikiwa kijikunjo kidogo juu ya u, na e nayo hufanana sana na n. Karani akiwa na haraka, kijikunjo hupotea, na Manda husomeka Mauda. Kwenye neno la Kijerumani mashine hujisahihisha, kwa kuwa imeliona mara nyingi. Kwenye jina la kijiji au la jumbe haina pa kushika. Makosa basi hurundikana palepale ambapo msomaji wa Njombe ana haja napo, na wa kuyasahihisha ni mtu anayeijua nchi hiyo, hata kama Kijerumani hakijui.

Ndiyo maana orodha ya majina ya mahali ingetangulia picha. Katika orodha ya namna hiyo kila mahali hupewa namba moja isiyobadilika, na chini yake majina yote, kila jina na miaka yake, pamoja na alama za ramani: Wiedhafen na Manda, Sphinxhafen na Liuli, Neu-Langenburg na Tukuyu. Miaka ni ya lazima. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu walihamishwa, na pengine jina la kijiji lilihama nao huku mahame yakibaki na makaburi. Ramani isiyo na mwaka itamweka babu mahali ambapo hakuwahi kuishi.

Si kila kilicho muhimu kimo masijala. Jamie Monson, alipoandika kitabu chake cha 2009 kuhusu reli ya TAZARA, alitumia stakabadhi za vifurushi kutoka stesheni, pamoja na simulizi za wakazi, kueleza biashara ndogondogo iliyokua kando ya reli. Reli hiyo, kilomita 1,860, ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970, na mji wa Makambako, mkoani Njombe, umekua nayo. Stakabadhi moja ina tarehe, bidhaa, uzito, inakotoka na inakokwenda. Ikiwa peke yake haina maana. Maelfu yakiingizwa kwenye jedwali, huonyesha nani alilisha mji gani, na msimu gani. Makaratasi ya aina hii, pamoja na mihtasari ya vikao vya vijiji, huliwa na mchwa au huchomwa ofisi inapohamishwa, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa kuwa ni nyaraka.

Sauti za wazee zinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya simulizi za Vita vya Maji Maji, na zikabaki kwa chapa ya taipu. Leo simu inarekodi sauti yenyewe, kwa Kimanda, Kipangwa au Kibena. Lakini simulizi za ukoo hugusa mipaka ya mashamba na aibu za watu walio hai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika hapa. Msimulizi aulizwe nini kisikike hadharani na nini kifungwe, na jibu lake liandikwe pamoja na rekodi.

Nakala moja haitoshi. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia mifumo ya Maktaba ya Uingereza, na makusanyo yake ya kidijitali, yakiwemo yaliyotoka Afrika, yakawa hayafikiki kwa miezi mingi. Nakala ya Dar es Salaam iwe na mwenzake Njombe, kwenye diski isiyounganishwa na mtandao.

Idara inaombwa kuanza na Ludewa na Makambako: kuwashirikisha watendaji wa kata na walimu wa historia katika kuandaa orodha ya majina, kuwaagiza wakuu wa ofisi wasichome daftari lolote kabla halijaonwa na mtunza nyaraka, na kuitafsiri kwa Kiswahili orodha ya 1973. Hayo matatu yafanyike kabla ya kununua skana nyingine.

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Njombe, Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Ludewa, Mkurugenzi, Halmashauri ya Mji wa Makambako